Mkono wa Zulma Kabla ya Kanivali

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi atalisema mdogo wangu Zulma, tena kwa madoido.

Januari daktari wa tumbo alinikataza yerba, majani tunayoyatia kibuyuni na maji moto, tukayafyonza kwa mrija. Vidonda, alisema. Mimi Elbia, mwanamke wa Paysandú, Uruguay, niliyeanza kufyonza majani yale machungu kabla sijajua kusoma! Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Nikachukua kibuyu, mrija, chupa ya maji moto na pakiti zote za kabatini, nikampa jirani. Zulma akabaki ananitazama.

"Dada, vidonda ni vyangu au vyako?"

"Nyumba hii ina watu wawili. Mmoja akikatazwa, wote wamekatazwa. Unataka kunywa peke yako mbele yangu, unitie uchungu?"

Kwetu kibuyu kinazunguka mkono hadi mkono. Kufyonza peke yako huku dada yako anakodoa macho ni matusi. Zulma alijua hivyo, akaziacha. Kichwa kilimuuma siku tatu, kikapoa. Nami nikajisifu kwamba nimemtibu.

Sasa mjue kazi yake. Miaka ishirini na miwili Zulma anawapaka nyuso wanaume kumi na saba wa kikundi chetu cha Kanivali, wale wanaopanda jukwaani kuwaimba wakubwa na kuwakejeli. Wapakaji wengine hupaka rangi tu. Yeye anachora kope moja moja kwa brashi nyembamba, na mtu wa safu ya mwisho anaziona.

Na mjue dawa yake. Zulma anameza lithiamu, kwa sababu bila hiyo moyo wake hupaa, kisha huanguka. Ina kero zake: kiu, kilo kadhaa kiunoni, mkono kutetemeka kidogo. Lakini anaishi, anacheka, ananitukana.

Siku tisa kabla ya mashindano alimkalisha kijana mmoja wa kikundi jikoni kwetu ajaribu mtindo mpya. Nyusi ilianzia mahali pake, ikaishia sikioni.

"Mama Zulma, hii ndiyo mitindo ya mwaka huu?" kijana aliuliza.

Zulma hakucheka. Mkono ulikuwa unamtetemeka mpaka kikombe cha rangi kinagonga meza. Asubuhi hiyo alikuwa ametapika pia, akasingizia samaki.

Kijana alipoondoka, akaniambia, "Ni zile dawa. Naziacha mpaka Kanivali iishe."

Jamani! Mara ya mwisho alipoziacha, hakulala siku tano, akaimba juu ya bati, akampaka farasi wa jirani rangi ya kijani. Hayo tunayacheka mpaka leo. Yaliyofuata hatuyacheki. Miezi mitatu aligeukia ukuta, mimi nikimlisha supu kwa kijiko, nikimuuliza Mungu kama nitamzika mdogo wangu.

"Heri wapande jukwaani na nyuso tupu!" nikafoka.

"Mimi bila ule mkono ni nani, dada? Niambie."

Nikavaa viatu, nikamkokota kwa Daktari Irigaray, yule mwanamke mfupi anayemtibu tangu mwanzo. Akamtoa damu palepale. Kesho yake tukarudi, tukamkuta na chupa ya maji moto kwapani na kibuyu mkononi, maana daktari naye ni mtu.

"Zulma, dawa imejaa kwenye damu yako. Siku zote uko sifuri nukta nane. Leo ni moja nukta tatu. Huko tunakoelekea ni hatari. Umebadilisha nini?"

"Hakuna," nikajibu mimi, ingawa sikuulizwa.

"Umepunguza chumvi? Umemeza dawa za mgongo? Unatoka jasho bila kunywa maji?" Akafyonza kidogo. "Yerba unakunywa kama kawaida?"

Njia ya mwongo fupi, yangu ilikuwa fupi kuliko zote.

"Dada alizigawa," Zulma akasema kwa sauti ya malaika.

Daktari akaweka kibuyu chini. "Bi Elbia! Lithiamu inatoka mwilini kupitia figo. Yerba inazisukuma figo zitoe maji, na dawa kidogo inatoka nayo. Dozi ya huyu nimeipima akiwa anakunywa chupa mbili kwa siku. Umeziondoa ghafla, tena katika joto hili la jasho. Dawa imebaki ndani."

"Kwa hiyo nimemtilia sumu?"

"Umempandishia dozi bila cheti."

Nililia, sioni aibu kusema. Zulma akanipiga kibao cha bega. "Haya, yaishe. Nimepata cha kukusimanga miaka kumi."

Daktari akapanga: aruke dozi za siku mbili, aanze tena kwa kipimo alichomwandikia, yerba zirudi kwa kiasi kilekile cha zamani, maji mengi, chumvi asiipunguze wala kuiongeza, damu baada ya siku tano. "Na usiache wala kupunguza chochote bila kunipigia simu. Wewe pia, Bi Elbia, hasa wewe."

Siku ya tano: sifuri nukta tisa. Kichefuchefu kimekwisha. Mkono umerudia mtetemeko wake mdogo wa miaka yote, ule anaojua namna ya kuutuliza kwa kuegemeza kidole shavuni mwa mtu.

Jumamosi ya mashindano, klabuni, nilimshikia taa. Alikuwa kwenye uso wa kumi na moja simu yake ilipolia. Saa kumi na mbili, saa ya kidonge. Miaka yote hutoka nacho kwenda chooni. Safari hii akakitoa mfukoni mbele ya wote, akasema, "Nipeni maji. Hii ni lithiamu. Bila hii hamna kope."

Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha Dardo, jitu la ngoma kubwa, akakohoa. "Mimi ninayo ya huzuni. Imeninenepesha kilo tisa. Suruali hii wameifumua mara mbili."

"Yangu inanikausha mdomo," mwingine akadakia. "Ndiyo maana sauti ya juu inanikimbia."

"Acha kusingizia dawa, wewe ulikuwa hivyo tangu ubatizo!"

Wakaangua kicheko, Zulma akawakaripia wasipasue rangi. Akameza kidonge chake, akafuta midomo, akarudi kwenye kope, akiimba chini chini.

Mimi nilibaki na taa, nimeduwaa. Kumbe nyumba yetu haikuwa peke yake. Na habari ya kumezea chooni, wala haikuwa yake: ni mimi niliyemwambia ajifiche, mwaka ule wa kwanza, watu wasije wakamcheka.

"Dada," akasema bila kugeuka, "taa inatetemeka."