Vidole Viwili

Breki ya mbele ya pikipiki ya Mzee Fanuel ilikuwa ya kuomba Mungu tu. Uliikamata kwa nguvu zako zote, pikipiki ikafikiri kwanza, ikajishauri, halafu ndipo ikaanza kupunguza mwendo. Mzee alikuwa ameizoea hivyo. Enzi zake za ubwana mifugo aliiendesha pikipiki hiyo hiyo ya mwaka wa sabini na mbili kutoka kwao Ronge, milimani, hadi kwenye mazizi ya Ndara, na alipostaafu akaondoka nayo. Hakuwahi kuanguka hata siku moja, na jambo hilo alilisema kila mahali, hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Lakini sasa macho yake yalikuwa yamefifia, na mwendeshaji alikuwa binti yake, Wakesho. Abiria alikuwa mama yake Wakesho, mwenye kidonda cha sukari mguuni, ambaye kila Jumanne na Ijumaa ilibidi ateremshwe Mwatate hospitalini akafungwe kidonda upya. Mteremko wenyewe ni kona juu ya kona, na upande mmoja hakuna kitu ila hewa.

"Fundi, hii breki itaniulia mama," Wakesho alisema siku aliyoileta pikipiki Voi, kwenye gereji ya Mulinge.

Mulinge alicheka. Baadaye alitamani sana asingecheka.

Mulinge alikuwa fundi kweli, na shida yake ni kwamba alilijua hilo. Alifungua gurudumu akakuta breki zimeng'aa kama sahani iliyosuguliwa, na zinagusa dramu, lile bakuli la chuma la gurudumu, kwenye ncha moja tu. Akazing'oa, akakata nyingine kutoka kwenye breki za lori, akazipigilia riveti. Akabandika msasa ndani ya dramu na kuzungusha breki humo nusu siku nzima, mpaka zikalala sawasawa bila mwanya. Akatia waya mpya. Kile chuma kifupi kinachovutwa na waya akakiongeza urefu kwa kuchomelea, ili mkono mdogo uvute kwa nguvu kubwa. Alipoijaribu barabarani, ilikamata hadi tairi ya nyuma ikanyanyuka. Mulinge akapiga kelele peke yake kwa furaha.

Kisha akamfundisha Wakesho, kwa sababu hakuwa mjinga wa kumpa mtu kisu kikali bila kumwonya.

"Sikiza. Hii si ile umezoea. Ukiikamata na mkono mzima kwa changarawe, gurudumu inasimama na nyinyi mnaendelea. Vidole viwili tu. Hivi vingine viache vimeshika raba ya usukani."

"Hata nikiona ndovu?"

"Hata ukiona ndovu. Vidole viwili."

Alimzungusha kwenye uwanja tambarare karibu na gereji saa nzima. Kila Wakesho alipokamata kwa mkono mzima, Mulinge alimgombeza bila haya, mpaka vile vidole vikatii vyenyewe bila kungoja kichwa. Wakesho aliondoka akitabasamu. Wiki nzima Mulinge hakuwa na hadithi nyingine ila breki hiyo, na wateja wakachoka kuisikia.

Ijumaa asubuhi simu yake ililia. Alikuwa Mzee Fanuel, na sauti yake ilikuwa na furaha tele.

"Kijana wangu, nimepiga kukushukuru. Kazi safi. Ila ile breki ilikuwa kali mno, nimeilegeza kidogo."

Mulinge aliweka spana chini. "Umeilegeza vipi, mzee?"

"Ile nati ya waya. Nimeirudisha nyuma mpaka ikawa kama zamani. Huku kwetu kumenyesha usiku kucha. Kukinyesha, breki ya mbele inalegezwa. Ikikamata kwa tope inakupindua. Sisi watu wa milimani tunajua hayo, nyinyi wa huko chini mna lami."

Mulinge akaelewa. Ndiyo maana breki ile ilikuwa dhaifu miaka yote! Haikuwa uzee peke yake; ni mzee mwenyewe aliyekuwa akiilegeza msimu baada ya msimu, na mkono wake ukazoea kuminya mpaka mwisho.

"Wakesho anajua?"

"Ajue nini? Ni mtoto wa huku, hayo si mambo ya kuambiana."

"Mzee, Wakesho yuko wapi saa hii?"

"Ameshatoka na mamake. Wameshuka injini imezimwa, si unajua petroli ilivyo ghali. Mteremko unawapeleka tu."

Mulinge alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari umejikunja hewani, ukiigiza. Vidole viwili vinavuta. Waya umelegea, kwa hiyo leva ya breki inakuja, inakuja zaidi, na kabla breki haijaanza kushika, leva inagonga vile vidole vingine vilivyoshika raba. Inaishia hapo. Ili kuiokoa pikipiki lazima uviondoe na uminye kwa mkono mzima, na hilo ndilo yeye, kwa mdomo wake na kwa matusi yake, alilolitoa mkononi mwa binti wa watu.

Akampigia Wakesho. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alijiambia kwamba anaendesha, mtu anayeendesha hapokei simu, na kwamba kuna breki ya nyuma. Lakini breki ya nyuma peke yake, kwenye tope, na watu wawili, na injini imezimwa, isisaidie kupunguza mwendo? Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa, na mteja aliyekuwa akimngoja alipomwona hivyo aliondoka polepole bila kuuliza.

Mara ya sita simu ikapokelewa.

"Hallo?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, anahema. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga mayowe, na mwanamke mmoja alikuwa anaitisha leso, leteni leso nyingine. "Hii simu nimeiokota kwa nyasi, hapa chini ya kona. Wewe ni nani wao?"

"Wako hai?"

"Nimekuuliza wewe ni nani wao."

Mulinge alifungua mdomo. Hakuwa ndugu, hakuwa jirani, hakuwa hata mtu wa kanisa lao.

"Mimi ndiye nilitengeneza breki," alisema.

Mulinge alimsikia yule mtu akiiondoa simu sikioni na kuwaambia wenzake, "Ni fundi wa breki," na mayowe yote yakanyamaza.