Familia Tisa, Bomba Moja

Sare za shule zilikuwa zimejaa kitandani, mashati meupe yasiyotiwa vifungo, na Mama Pacha hakuwa na pa kumlaza mama mkwe wake. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya homa, wazazi hawakuja kuchukua nguo, na cherehani ilikaa kimya pembeni kama mgeni aliyekosa la kusema. Bibi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akikohoa ndani ya kanga. Siku hizi kikohozi kilikuwa kinamfukuzisha mtu nyumba.

Msimamizi wa nyumba alisimama mlangoni.

"Kodi inapanda mwezi ujao."

"Kaka, kazi zenyewe hakuna."

"Mimi natumwa tu, mama."

Jioni wapangaji walisimama uani, wametawanyika kila mmoja mlangoni kwake. Kinyozi, ambaye duka lake nalo lilikuwa limefungwa, ndiye aliyeanza.

"Tusiombe kusamehewa. Tuombe tu isipande mpaka homa ipite. Hilo hata mwenye moyo wa jiwe atalielewa."

"Na kama hana moyo kabisa?" mtu akauliza, wakacheka kidogo.

Mikusanyiko ilikuwa marufuku, kwa hiyo hawakuweza kwenda wote. Wakamtuma Mama Pacha kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa kuwa alijua kuzungumza na watu wazito.

Ofisa alimsikiliza kupitia dirisha. Mama Pacha alieleza taratibu, kama alivyopanga njiani. Serikali inasema watu wakae ndani. Sasa wakitolewa, watakaa ndani ya wapi?

"Mko wangapi humo?"

"Familia tisa, mzee. Bomba moja, choo kimoja. Hali zetu ndiyo hizo, hatuna pa kwenda."

"Familia tisa, choo kimoja," ofisa alirudia polepole, akamwita mwenzake aje asikie. "Mama, umefanya vizuri sana kutuambia."

Mama Pacha alirudi nyumbani na matumaini. Kinyozi alimwambia, "Dada, wewe ulipaswa kuwa mbunge."

Wiki haikuisha, gari la afya likaja, na mwenye nyumba amekaa kiti cha mbele. Ofisa alitangaza kwa kipaza sauti kwamba nyumba ina msongamano wa hatari, na wapangaji wanahamishwa kwa usalama wao.

"Kuhamishwa kwenda wapi?" Kinyozi aliuliza.

Aliuliza mara ya pili, akapakiwa garini kwa kosa la kukusanya watu bila kibali. Wengine wakaanza kutoa vyombo. Jirani mmoja alimpita Mama Pacha na godoro kichwani.

"Si ungesema tuko wachache," alisema, bila hasira.

Mama Pacha na familia yake walihamia baraza la duka lililofungwa. Huko Bibi alishikwa na homa kweli. Mama Pacha alikodi mkokoteni, wakazungushwa zahanati hadi zahanati, mpaka muuguzi mmoja akawaelekeza kwenye nyumba ambayo serikali imeikodi kwa ajili ya wagonjwa.

Mama Pacha alianza kuitambua njia kabla hawajafika. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa mpya. Msimamizi alikuwa langoni, amevaa barakoa na glavu.

"Ndugu hawaingii," alisema, macho yake yakiwa chini.

"Anawekwa chumba gani?"

"Kilekile chenu."

Muuguzi alitaka kumshika Bibi mkono amwonyeshe njia. Bibi alishatangulia.

Mama Pacha alipitisha furushi la nguo kwenye upenyo wa lango. "Mpe hizi. Shuka lake limo humo."

Msimamizi alilinyunyizia dawa, akalibeba kwa vidole viwili mpaka nyuma ya ukuta, akalitupa juu ya mafurushi mengine, mengi, yaliyokwisha kulowa mvua.