Kidole Chenye Aiskrimu

Tulikuwa tumesimama juani saa nzima kwenye bustani ya michezo pale Gold Coast, foleni ya treni ya kupinduka inajikongoja, mwanangu Marnie akaanza kutoka jasho la baridi. Ana miaka tisa, na kisukari anacho tangu akiwa na minne. Nikamtoboa kidole. Kipimo kikasoma kumi na tisa.

"Sukari imepanda!" Nikachomoa sindano ya insulini.

"Dada, hapa si hospitali," jamaa mmoja nyuma yetu akafoka. "Songa!"

"Subiri zamu yako. Nikimaliza naye nakuchoma wewe."

Marnie akanishika mkono. "Mama, usinichome kwanza. Ile aiskrimu yako niliyokushikia ilinichuruzikia kidole hiki hiki."

Kumbe kipimo kilikuwa kimesoma sukari ya aiskrimu! Akanawa kwa maji ya chupa, akajifuta, akajitoboa kidole kingine mwenyewe. Mbili nukta tisa. Sukari ilikuwa imeshuka, na mimi, mama mtu, nilikuwa naenda kuishusha zaidi! Sindano ile ingemlaza pale pale.

Akanywa juisi yake, akaketi chini. "Tunasubiri dakika kumi na tano," akatutangazia. Yule jamaa akamkinga jua kwa kofia yake mpaka tulipopima tena: tano nukta sita, salama.

Tulipofika mlangoni, mhudumu akatuzuia. "Hapandi mtoto hapa bila msimamizi. Msimamizi ni nani?"

"Mimi," Marnie akajibu, akanivuta hadi kiti cha mbele kabisa.