Jiwe la Kamande, Mtimiza Nadhiri

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, mimi Stephen, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ninawatangazia wakazi wote wa Guangzhou kwamba desturi tukufu ya Warumi wa kale imefufuka katika mtaa wa Dengfeng. Ilidumu saa tano.

Mwalimu wetu wa historia, katika shule yetu ya bweni huko nyumbani, alitufundisha kwamba Mrumi akiwa taabani alimwekea mungu wake nadhiri: niokoe, nami nitafanya jambo fulani. Akiokolewa, na akalifanya, alichonga jiwe na kulisimamisha hadharani. Mwishoni aliandika herufi nne, V S L M, yaani ametimiza nadhiri yake kwa hiari, kama ilivyostahili.

Mjomba wangu Kamande, mnunuzi wa viatu, naye aliweka nadhiri. Mwezi wa nne alipasuliwa kidole tumbo. Kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji alilia mbele ya kikundi chake chote cha maombi: "Bwana, ukinitoa hapa mzima, nitapanda ndege nikamwone mama yangu." Bwana akamtoa. Mjomba akapanda teksi, akaenda soko la Zhanxi kubishania bei ya ndara.

Sasa ni Agosti. Nimekuja kwake likizo, na kila Jumapili Shosho, mama yake, anapiga simu kutoka Limuru. Macho yake yanafifia. Daktari amesema kufikia Krismasi huenda asitambue sura ya mtu. Hajamwona mwanawe kwa miaka sita.

"Kamande, unakuja lini?"

Na Mjomba, mdomo umejaa wali: "Karibu tu, Mama. Nangoja mzigo mmoja."

Nililisikia jibu hilo Jumapili tatu. Ya tatu niliondoka mezani, kwa sababu sahani ilikuwa karibu na mkono wangu.

Kesho yake nikaenda kwa laoban mmoja, tajiri wa duka la kuchonga vibao. Kwenye kipande cha marumaru akanichongea: KWA MUNGU ALIYE JUU. KAMANDE, ALIYEPONA, AMEKWENDA KUMWONA MAMA YAKE. V S L M. Jumanne asubuhi nikalisimamisha jiwe hilo kwenye kaunta ya mgahawa wa Mama Élise, Mkongo, ambako kikundi cha maombi hula mchana.

Mjomba alipoingia, Mama Élise alimkumbatia.

"Félicitations, hongera, Papa Kamande! Ulienda lini ukarudi? Mama anaendeleaje?"

"Mama gani?"

"Wako! Aliyekuzaa!"

Patrice, muuza simu, akapiga makofi. "Na hata majani ya chai hakutuletea, bahili huyu!"

Mjomba akalisoma jiwe. Shingo ikamvimba. "Nani amefanya upuzi huu?"

"Upuzi?" Mama Élise akaweka upawa chini. "Kwani hukuenda? Papa, nilikushika mkono siku ile. Nililia pamoja na wewe. Hukuenda?"

Watu wakaacha kula. Mimi nilisimama kando ya friji na uso wa mwanakwaya, nikifurahia kila sekunde.

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa dada yake Wangeci, yaani mama yangu mzazi, na alikuwa akipiga kelele hivi kwamba mgahawa mzima ulimsikia.

"Kamande, uko wapi? Mama ameketi langoni tangu saa kumi na mbili, na koti lake la kanisani! Jirani amemsomea picha ya jiwe kwenye simu, anasema uko njiani. Baridi hii, na amekataa kuingia ndani. Nani amemtumia hiyo picha?"

Mjomba akaishusha simu taratibu. Macho yake yakazunguka mgahawa, yakafika kwenye friji.

"Stephen."

Nilifungua mdomo nimsingizie Patrice. Nikaufunga, nikatoka kando ya friji.

"Ni mimi," nikasema. "Jiwe ni langu, na picha niliituma mimi jana jioni. Nilitaka Shosho akasirike. Nilitaka akupigie simu akutukane, Mjomba, kwa sababu mimi siwezi kukutukana. Sikufikiri angetoka kukungoja. Bado nimekukasirikia. Lakini pale kwenye baridi nimemweka mimi."