Bwana Honi

Miaka sita msimamizi wa kiwanda cha nguo alimwita mshonaji mmoja "Kobe", mbele za watu, kwa sauti yake ile ya kupasua masikio, kana kwamba alimwokota jalalani. Mama wa watu akavumilia. Lakini jana binti yake alimpitia kazini, na njiani akamuuliza, "Mama, Kobe ni nani?"

Ndiyo maana leo mshonaji alikuwa mlangoni pa ofisi ya msimamizi. Maneno aliyakariri tangu alfajiri: Samahani, bosi, naomba uniite kwa jina langu. Akinifukuza, anifukuze.

Akaingia. Msimamizi akainua macho.

"Samahani, Bwana Honi..."

Mungu wangu! Ulimi umeteleza. Hilo ndilo jina wanalomsengenyea washonaji kwenye cherehani kila akiwapa mgongo. Msimamizi akaweka kalamu chini, taratibu mno.

"Honi," alisema. "Wote mnaniita hivyo?"

Akashindwa kudanganya. "Wote, bosi."

Hatimaye msimamizi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo mshonaji hakuwahi kuisikia kinywani mwake:

"Na wewe, jina lako hasa nani?"