Mboga za Kando ya Reli

Baada ya Mzee kufariki, watoto wake walidhani mama yao ataacha kupika. Kwa miaka arobaini na mmoja Mama Sitati alikuwa amempikia mumewe, fundi wa reli, katika nyumba ile ile ya mawe nyuma ya landi za zamani, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mjini Nakuru. Walipomaliza kumzika kwao Kimilili, walirudi wakiogopa kwamba mama atalala tu akiangalia ukuta. Jumapili ya kwanza akapiga simu saa mbili asubuhi.

"Mnafika saa ngapi? Kuku nimeshachinja."

Basi wakaja, na tangu siku hiyo ikawa kila Jumapili. Sitati, kifungua mimba, alikuwa dereva wa malori ya masafa, na alipanga safari zake ili Jumamosi jioni awe ameshapita kituo cha malori cha Salgaa akirudi nyumbani. Alikuja na mkewe Joan na binti yao wa miaka sita, Nerima. Celestine, dada yake, alikuwa mwalimu huko Gilgil. Hakuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo alifika mapema kuliko wote na kukaa jikoni na mama yake.

Chakula chenyewe kilikuwa hakibadiliki. Kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, na mboga za managu zilizopikwa kwa maziwa na munyu, ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo Mama Sitati aliichuja mwenyewe. Mtu akila chakula hicho alisahau barabara, alisahau madaftari ya wanafunzi, na kwa saa mbili au tatu nyumba ile haikuwa na kiti kitupu.

Celestine ndiye aliyegundua kwanza. Mwezi wa pili, chai ilikuwa na chumvi. Mama alimaliza kikombe chake kizima, kisha akauliza mbona wengine hawanywi. Mwezi wa tatu maharagwe yaliungua mpaka jiko likajaa moshi, naye Mama alikuwa amesimama pale pale akichambua mchele, hana habari. Celestine aliporuka kuepua sufuria, mama yake alishtuka.

"Kuna nini?"

"Yameshika kidogo tu, Mama."

Mwezi wa nne alitia kwenye mboga maziwa yaliyooza. Harufu yake ilifika mlangoni. Walikula wote. Sitati alijifuta mdomo akasema, "Mama, leo umetuweza," na mama yake akacheka kwa furaha, macho yake yenye ukungu yakitazama kando kidogo ya mahali mwanawe alipokuwa ameketi.

Siku hiyo, wakiosha vyombo nje kwenye mfereji, Joan alisema kwa sauti ya chini, "Celes, mama yenu hasikii harufu tena, wala ladha. Na macho pia. Umeona vile anatafuta chumvi kwa kupapasa?"

"Ni uzee."

"Mimi niko na mtoto anakula hiyo chakula. Mwambie. Wewe ni binti yake. Mimi nikisema, nitaonekana ni mimi sitaki kuja."

"Ukimtoa Mama kwa jiko, umemmaliza," Celestine alisema. "Nipe muda. Nitajua vile nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, Joan."

Hakumwambia. Kila Jumapili alifika na maneno tayari, na kila Jumapili alimkuta mama yake amefunga leso kiunoni, uso unang'aa kwa joto la makaa, akaona ni afadhali wiki ijayo.

Mwezi wa tano mvua ilinyesha siku kumi na mbili mfululizo. Kando ya reli, ambako Mama Sitati alikuwa na kipande chake cha shamba, kila kitu kilichipuka kwa pamoja, mboga na magugu. Jumapili iliyofuata Celestine alichelewa kidogo kutoka kanisani. Alipoingia jikoni, sufuria ya mboga ilikuwa tayari motoni na mama yake alikuwa ukumbini akitandika kitambaa cha meza.

Juu ya gunia sakafuni kulikuwa na mabaki ya mboga zilizochumwa. Celestine aliinama kuyakusanya, na mkono wake ukasimama. Shina moja lilikuwa nene kuliko mengine, lenye zambarau kwa mbali. Majani machache yaliyobaki juu yake yalikuwa mapana, yenye meno makubwa pembeni. Jani la managu alilijua tangu utotoni. Alilisugua hili kwa vidole, akalinusa. Lilitoa harufu nzito ya kuchefua, harufu ambayo ingemfanya mtu yeyote mwenye pua alitupe mbali kabla halijafika nyumbani.

"Mama, hizi managu ulizitoa wapi?"

"Si ni huko kwangu," Mama Sitati alijibu kutoka ukumbini. "Zingine zimemea kwa shimo la mbolea. Umeona vile zimenona? Sijawahi kupata majani makubwa hivyo."

Celestine alifunua sufuria. Mboga zilikuwa zimeshanywea, kijani kimoja chenye maziwa, haiwezekani kutenganisha jani na jani. Angeweza kuimwaga. Angeweza kusema imeanguka. Lakini nje lango lililia, na sauti ya Nerima ikamwita bibi yake, "Kukhu! Kukhu, tumekuja!" na Mama akapita mbio mbio kumpokea mjukuu wake, mikono mbele, kama anaogelea.

Celestine alifunika sufuria. Alilichukua lile shina, akaenda kulitupa kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba. Alijiambia ni moja tu. Alijiambia hata kama ni sumu, moto umeshaiua.

Mezani Sitati aliomba, na Mama akaanza kupakua. Alipofika kwa Celestine na mwiko wa mboga, Celestine alifunika sahani yake kwa kiganja.

"Ugali na mchuzi tu, Mama. Tumbo langu haliko sawa leo."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, nyepesi kabisa.

Nerima hakupenda mboga chungu. Aliisukuma pembeni ya sahani, na bibi yake, ambaye hilo aliliona, akambembeleza. "Kula mama, kula upate nguvu. Ni Kukhu amekupikia." Mtoto alimtazama mama yake. Joan naye akamtazama Celestine, akiuliza kwa macho. Celestine aliinamia sahani yake akakata tonge.

"Kula, Nerima," Joan alisema.

Sitati alikula sahani mbili. Joan alikula vijiko vichache ili mwanawe aone, naye mtoto akala. Mama Sitati alikomba sufuria.

Haikupita saa moja. Sitati alikuwa wa kwanza kuomba maji. Alikunywa kikombe, akaomba kingine, akasema ulimi umekuwa kama kitambaa. Alivua koti. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu, na alianza kucheka kicheko kidogo kisichokuwa na sababu. Joan alidhani ni uchovu wa barabara.

Kisha Mama Sitati akainuka. Alivuta kiti cha mumewe kutoka mezani, akakipangusa kwa leso, akatazama mlangoni. Mlango ulikuwa wazi na nje hakukuwa na mtu, jua tu la alasiri kwenye matope.

"Baba Sitati, mbona umechelewa?" alisema. "Ingia, mvua imekunyeshea. Celestine, mpe baba yako maji ya kunawa."

Hakuna aliyesogea. Mama alichukua sahani safi, akaanza kumpakulia mtu asiyekuwepo, akiuliza na kujibiwa, akiuliza na kujibiwa. Sitati aliacha kucheka. Aligeuza kichwa polepole kuelekea kile kiti, akasimama kwa heshima, akanyoosha mkono.

"Mzee," alisema. "Shikamoo."

Joan alipiga kelele. Si kwa sababu ya mumewe. Nerima, aliyekuwa amepakatwa, alikuwa akichuna kitu hewani kwa vidole viwili, kitu kimoja baada ya kingine, akikiweka kwenye mkono mwingine. Ngozi yake ilikuwa inawaka. Joan alipomgeuza uso, macho ya mtoto yalikuwa meusi yote. Mboni zilikuwa zimetanuka mpaka rangi ya macho haikuonekana.

"Shangazi ana manyoya," Nerima alisema taratibu. "Shangazi ana manyoya kwa uso."

Celestine alitoka mbio mpaka kwa jirani yao Obura, ambaye alikuwa na gari. Kisha, kabla ya kurudi ndani, alizunguka nyuma ya nyumba na kupiga magoti kwenye shimo la mbolea. Hakuhitaji kutafuta. Alijua alipolitupa lile shina.

Hospitalini waliwapokea wote watatu kwa pamoja. Wahudumu wawili walimshika Sitati, aliyekuwa akipigana na usukani usioonekana. Afisa wa kliniki, mtu mpole aitwaye Kosgei, aliuliza wamekula nini, na Celestine akampa lile shina likiwa bado na taka. Kosgei aliliangalia mara moja tu.

"Hii ni mnanaha. Ile ya maua meupe kama tarumbeta, na matunda ya miiba. Ikiwa changa inafanana na mboga, watu wengi wanakosea." Aliinua macho. "Ni vizuri umeileta. Imetuokolea muda. Na nyinyi wawili?"

"Mimi nilikula kidogo sana," Joan alisema. Mdomo wake pia ulikuwa mkavu, lakini alikuwa na akili zake zote. Alimgeukia Celestine. "Wewe hukula mboga."

Celestine alipangusa taka vidoleni kwa sketi yake.

"Hukula hata jani moja. Na hiyo umeitoa wapi haraka hivyo?" Sauti ya Joan haikupanda. "Nilikuangalia, Celes. Nilikuangalia kabla nimwambie mtoto wangu ale."

Kisha Joan akaenda kukaa upande wa pili wa kitanda cha Nerima, na hakumsemesha tena.

Siku mbili mtoto alilala mikono ikiwa imefungwa kwa vitambaa laini ili asichomoe dripu. Siku mbili alizungumza na wadudu. Sitati aliruhusiwa Jumanne, hakumbuki chochote tangu maombi ya mezani. Nerima alipona Jumatano, akaomba mkate. Mama Sitati alibaki wodini, kwa sababu moyo wake ulikuwa umekimbia mbio kwa muda mrefu kuliko unavyopaswa kukimbia kwa umri wake.

Alhamisi Celestine alimkuta ameketi, amejifunika shuka mpaka mabegani.

"Wamekataa kuniambia," mama yake alisema. "Sitati anasema ni chakula kilikuwa kibaya, basi. Chakula gani? Kuku nilimchinja mwenyewe."

Celestine alimwambia. Alianza na shimo la mbolea, akajikuta anarudi nyuma, kwenye maziwa ya mwezi wa nne, kwenye maharagwe, kwenye chai.

"Nilijua pua yangu imekufa," Mama Sitati alisema mwishowe. "Tangu mwaka jana. Nilikuwa napika kwa kuhesabu. Nikisema, nilidhani hamtakuja tena." Alivuta shuka hadi shingoni. "Lakini wewe una pua. Hilo jani ulilinusa?"

"Nililinusa, Mama."

"Na ukaniacha nimpakulie mtoto."

"Nilidhani ni moja tu."

"Ukakataa mboga yangu, ukasema ni tumbo."

Celestine alianza kulia. Mama yake hakunyoosha mkono. Alikuwa akiutazama uso wa binti yake kwa yale macho yenye ukungu, akikaza, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo.

Joan hakurudi katika nyumba ile. Sitati alikuja baadhi ya siku, akileta sukari na unga, akasimama mlangoni na kusema ana haraka. Nerima hakuja naye. Celestine alijaribu kumpigia Joan simu mara nyingi, halafu mara chache, halafu akaacha.

Alianza kulala kwa mama yake mwisho wa kila wiki. Mama hakugusa tena sufuria. Hakukatazwa na mtu, aliketi tu kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akisikiliza. Jumapili ya tatu baada ya kutoka hospitalini, Celestine alichinja kuku. Alisonga ugali wa wimbi. Managu hakuthubutu, alinunua kabeji sokoni, akaikata nyembamba na kuitia maziwa kidogo. Aliandaa meza, akamshika mama yake mkono na kumketisha.

Mama Sitati aliinamia sahani. Alichukua mboga kwa vidole, akaanza kuitandaza ukingoni, kipande kwa kipande, akipapasa kingo za majani.

"Ni kabeji tu, Mama."

"Umejipakulia?"

"Ndiyo."

"Na mboga?"

"Na mboga."

"Sogea hapa karibu nikuone."

Celestine alisogeza kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Alikula. Mama yake alifuata kila tonge kutoka sahani hadi mdomoni, na wakati mmoja alimwambia afungue mdomo. Celestine alifungua. Alimaliza kila kitu, akaonyesha sahani tupu.

"Sasa kula, Mama. Chakula kinapoa."

Mama Sitati alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Wacha kipoe," alisema. "Tungoje kwanza saa moja iishe."

Wakakaa hivyo, uso kwa uso, mafuta ya kuku yakianza kuganda.