Mashuka ya Mama Mkwe

Mashine ilipoletwa kwenye kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, ilikunja mashuka mia sita kwa saa, na haikuomba ruhusa ya kwenda msibani. Pasi, aliyeitwa hivyo mtaa mzima kwa suruali zake zenye mistari ya pasi mikali ya kuweza kukata nyanya, alikuwa amekunja mashuka pale miaka ishirini na saba. Akapewa barua, akapeana mikono na wenzake, akarudi nyumbani.

Njaa hakulala, tuseme kweli. Serikali ilikwishapitisha fungu la fedha la kila mwezi kwa kila mtu mzima, awe na kazi asiwe nayo.

"Mama watoto," akamwambia mkewe, akinyoosha miguu kibarazani, "sasa ni kula bata tu. Tumekuwa watu huru."

Mkewe alikuwa amebeba beseni la nguo. Akapita.

Uhuru wa Pasi ulikuwa na kazi nyingi. Zamani aliondoka alfajiri akarudi magharibi. Sasa alitaka chai saa nne, chakula saa saba, na katikati akatoa maoni: ufagio unashikwa hivi, maji yanachotwa vile. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na huyu bwana alikaa kando yake akiusifia wepesi. Mkewe alichoka. Uchovu ulikuwa umemwingia mifupani ukajenga. Alichotaka duniani ni asubuhi moja tu ya kulala mpaka jua limguse usoni.

Jumanne moja alfajiri mama mkwe, mama mzazi wa Pasi, akaita kutoka chumba cha nyuma, alikolala tangu alipopooza. Miguu ya mke ikashuka sakafuni yenyewe, kwa mazoea. Akairudisha kitandani.

"Mama anaita," Pasi akasema.

"Nimesikia."

"Huendi?"

"Na mimi napewa fungu, baba. Leo nenda wewe."

Pasi akadhani ni utani, akangoja. Mama akaita tena, kwa sauti ya aibu. Ndipo akainuka, akiguna. Mkewe akasikia maji, kisha shuka likikung'utwa mara moja, kifundi hasa. Akafumba macho. Usingizi ukagoma, moyo ulikuwa kule kule chumba cha nyuma, kwenye kidonda cha mama cha ubavu wa kushoto.

Baada ya nusu saa Pasi akasimama mlangoni, jasho jembamba likimtoka, shuka lililolowa mkononi.

"Na jioni tena?"

"Mchana, jioni, na usiku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akalitazama lile shuka. "Tangu lini?"

"Mwaka wa nane huu."

Pasi akakaa chini pale pale mlangoni, amelipakata lile shuka. Mkewe akavuta blanketi hadi shingoni. Jua lilikuwa bado mbali na mto aliolalia, naye alijua hatalala, lakini hakuinuka.

"Ukibadilisha mchana," akasema, "mlaze ubavu wa kulia."